Berlin ina jua na mvua, begi lako lina nini?

Kuna hii kasumba yetu kwamba Mkenya akishafanya mazoezi Iten, hakuna hali ya hewa itamsumbua. Wasee, tuache. Asubuhi za Iten ni baridi. Hazikufunzi kukimbia kilomita 42 kwenye joto lenye unyevu.

Chukua Berlin Marathon. Hukimbiwa mwishoni mwa Septemba, majira ya joto yakiaga huko Ujerumani na baridi ikibisha hodi. Mwaka 2017 Eliud Kipchoge alishinda kwa 2:03:32, barabara imelowa na hewa ni nzito. Mwaka uliofuata hali ikawa shwari, akavunja rekodi ya dunia kwa 2:01:39. Halafu 2025 jua likawaka. Sabastian Sawe alishinda kwa 2:02:16, na wa pili akafika karibu dakika nne baadaye. Mji ni ule ule, wiki ni zile zile.

Sasa wewe uliyekopa chamani kulipia viza na tiketi, utabiri unaousoma kwa simu siku kumi kabla usiuamini sana. Jipange kwa yote. Wiki mbili za mwisho, toka mara kadhaa saa saba mchana, polepole, mwili uzoee kutoa jasho. Siku ya mvua pia toka, ujue viatu vyako vikilowa vinafanyaje. Mimi niliwahi kukimbia 21 hapa Nairobi na soksi za pamba, mvua ikanipata njiani. Wiki nzima nilitembea kama bata.

Beba sweta kuukuu ya Gikomba ya kungojea mbio zianze, uitupe zikianza. Beba kofia, na vaselini ya mapaja na kwapa.

Lakini kitu kigumu hakiko kwa begi. Ni ule muda ulioutangaza Instagram. Umeambia mtaa mzima utamaliza chini ya saa tatu, kisha unaamka unakuta joto. Wengi hapo hukimbia kwa aibu badala ya akili, na kufika kilomita ya 30 wanaona giza. Joto likizidi, punguza kasi kuanzia kilomita ya kwanza, si baada ya kuchoka, na usiruke meza ya maji.

Na hao watu wa chama, waambie mapema kwamba una muda wa siku nzuri na muda wa siku mbaya. Wakiuliza mbona miwili, waonyeshe ya Kipchoge.