Breki Moja Ikiungua, Kagueni Matairi Yote

Hakuna wiki inayopita bila lori kusimama mbele ya gereji yangu hapa Ilula likifuka moshi kwenye tairi moja. Utingo anakimbilia dumu la maji, na simu ya tajiri inaita kabla sijashika spana. Maneno ya tajiri nimeshayazoea: bana mpira wa hewa wa tairi hilo, gari literemke, litatengenezwa likifika Dar es Salaam.

Agizo hilo linaua watu. Mbele yetu kuna mteremko wa Kitonga, na malori mengi yanayoelekea huko yametokea Tunduma na shaba ya Zambia na Kongo. Ukizima breki moja makusudi kwenye mzigo wa namna hiyo, kazi yake unayabebesha matairi mengine ambayo hakuna aliyeyakagua.

Tukiona tairi la moto tunadhani ndilo bovu. Mara nyingi ni kweli, breki yake imegoma kuachia. Lakini mara nyingine tairi hilo ndilo zima. Breki za wenzake zimelegea, dereva akikanyaga viatu havikamati ngoma sawasawa, basi hilo moja linashika mlima wote peke yake mpaka linaungua. Ukilizima hilo, umeliacha gari bila breki.

Kwa hiyo sianzi na tairi linalofuka. Nazunguka gari zima joto likiwa bado lipo, nasogeza mgongo wa kiganja karibu na kila ngoma bila kugusa. Wenye kipima joto cha kuelekeza kama tochi hufanya kazi hiyo haraka zaidi, nami naamini kila gereji ya barabara kuu inapaswa kuwa nacho. Ninachotafuta ni tofauti. Upande mmoja wa ekseli ukiwa wa moto na wa pili wa baridi kabisa, ule wa baridi ndio unaonitisha. Marekani, wakaguzi wa barabarani wametumia kamera za joto kuyatazama malori yanapopita, na tairi la baridi katikati ya yenye joto huwatia shaka sawa na lile linalowaka.

Kisha natazama joto limekaa wapi. Likiwa limezidi kwenye habu, na grisi inavuja na kunuka, hapo shaka yangu inahamia kwenye beringi, na tairi linaweza kuchomoka njiani. Ngoma ikiwa ndiyo iliyowaka, pengine hata imegeuka rangi ya samawati na kuingia nyufa, ni breki.

Hapo ndipo jeki inaingia. Zuia matairi mengine kwa vigingi, jaza hewa mpaka mitungi ishibe, achia hendibreki, kisha zungusha tairi kwa mkono. Hewa lazima ishibe, kwa sababu ndiyo inayoishikilia springi ya hendibreki isikandamize. Ikishuka mno, springi inaanza kufunga yenyewe, dereva akidhani ameachia. Tairi likiwa gumu wakati hewa ipo, nalegeza taratibu mpira wa hewa ya breki kwenye chemba, kile kikopo cha hewa kinachosukuma breki. Hewa ikitoka na tairi likalainika, basi ilikuwa imenaswa: mpira umevimba au kubomoka kwa ndani ingawa nje unang'aa, au valvu haitoi pumzi. Likibaki gumu, mara nyingi tatizo ni chuma. Shafti inayosukuma viatu imeganda kwenye bushi kwa kukosa grisi, springi ya kurudisha viatu imekatika, au slaki, ile ya kurekebisha ulegevu wa breki, imekazwa kupita kiasi na mtu aliyetaka kufidia ulegevu wa upande wa pili. Inaweza pia kuwa chemba ya springi imepasuka ndani. Hiyo usiifungue kwa nyundo na spana, springi iliyobanwa humo ina nguvu ya kuua, ibadilishe nzima.

Bado kazi haijaisha. Chora chaki kwenye fito linalotoka kwenye kila chemba, mwambie dereva akanyage breki, pima fito limetoka kiasi gani. Kwa chemba ya namba 30 ya kawaida, lisizidi milimita 51, na pande mbili za ekseli zilingane. Chaki na rula vinatosha, lakini hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Na utingo aweke dumu chini. Ngoma ni chuma cha kusubu, ukiimwagia maji ya baridi ikiwa imewaka inapasuka. Iache ipoe kwa upepo, zuia gari kwa vigingi badala ya hendibreki, na watu wakae mbali, maana gari likishasimama joto la ngoma hupanda kwenye mpira wa tairi, nalo linaweza kushika moto au kulipuka baada ya dakika kadhaa. Likishawaka ni jambo jingine: hapo maji mengi yanahitajika, na ya dumu hayatoshi.

Wenye malori, ukaguzi huu ni wa saa chache. Msimkate posho dereva aliyesimama kuufanya. Mnapomkata, mnamfundisha kuufunika moshi na kuendelea na safari.

TANROADS na trafiki nao wanaweza kusaidia bila kujenga kitu kipya. Malori tayari yanapanga foleni kwenye mizani. Mkaguzi mmoja mwenye kipima joto, akipita pande zote mbili za foleni ile, atayakamata mengi kabla hayajafika mlimani. Naomba waanze na mzani ulio karibu zaidi na Kitonga kwa magari yanayotoka Mbeya, na lori lenye tairi lililopishana sana joto na wenzake lisiruhusiwe kuteremka mpaka litengenezwe.