Toba ya Tovuti na Haki ya Kusamehewa

Safu ya MIZANI YA JUMA
Na Abdalla Mwinyi Kheri

Katika adhabu ziwezazo kumfika mwenye tovuti katika zama hizi, sijui iliyo nzito kuliko kuondolewa katika matokeo ya Google, kwa kuwa duka lake halikufungwa, bidhaa zake zipo, wala hapana aliyemshitaki mbele ya kadhi, ila wateja hawaioni tena njia ya kumfikia.

Simtetei mdanganyifu. Anunuaye viungo katika tovuti za watu ili aonekane mashuhuri kuliko alivyo huwadhulumu washindani wake waaminifu, na ni insafu ashushwe. Ikiwa aliyemhukumu ni mkaguzi mwanadamu, hupata taarifa katika Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, na njia ya kurejea ni bayana ijapokuwa ina mashaka: awaandikie wenye tovuti zile waviondoe viungo, vilivyoshindikana avikane kwa chombo ambacho Google ilikitoa Oktoba 2012, kisha apeleke ombi la kuangaliwa upya, akieleza kosa lilivyotendeka na kuambatisha ushahidi wa aliyoyafanya. Aungamaye nusu na kuficha nusu hurudishiwa ombi lake, na astahili.

Lakini tazama wakubwa walivyorejea. Mwezi Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwa kuionyesha mashine ya Google kurasa zilizojazwa maneno, ilhali msomaji hupelekwa kwingine. Ikazifuta, na baada ya siku chache ikarudi. Rap Genius, wenye tovuti ya mashairi ya nyimbo, walioahidi kuzitangaza kurasa za wale watakaowawekea viungo, waliadhibiwa siku ya Krismasi ya 2013, wakaandika programu ya kuvisaka viungo vibaya, na tarehe 4 Januari 2014 wakasamehewa. Siwalaumu kwa wepesi wao, walisafisha kweli.

Uchungu wangu ni kwa yule aliyeshushwa na mashine yenyewe. Kanuni ya Google iitwayo Penguin ilianza kazi tarehe 24 Aprili 2012, na kwa miaka mingi hukumu zake zilipitiwa kwa vipindi tu, hata fundi au muuza vitabu aliyeng'oa kila kiungo kibaya baada ya mapitio ya Oktoba 2014 alilazimika kungoja hadi Septemba 2016, karibu miaka 2, ndipo kanuni ikaanza kupima tovuti mfululizo bila kungojea kipindi. Mwenye mtaji mdogo hawezi kungoja hivyo. Huwaachisha kazi watu wake kabla msamaha haujafika.

Na hata leo, aliyeteremshwa na mashine hapati taarifa ya kosa lake wala hana pa kupeleka ombi, naye hukisia gizani, akifuta pengine hata kurasa zilizokuwa njema. Watetezi wa hali hii husema kwamba sababu zikitajwa, wadanganyifu watajifunza kuzikwepa. Hoja hiyo naikubali kwa sheria za jumla, siikubali kwa mtu mmoja aliyekwisha kuhukumiwa. Atajiwe ukurasa wenye kosa na aina ya kosa lenyewe, kama anavyotajiwa aliyehukumiwa na mkaguzi, na ombi lake lisomwe na mwanadamu.