Bunduki au Usukani: Vijana Wetu Wachague Mchezo Gani?

Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, nililetewa kesi nyumbani. Waliokuja kudai walikuwa wapwa zangu wawili, mmoja wa miaka 16 na mwenziwe wa miaka 14. Sebuleni kwa dada yangu pana kompyuta mbili kuukuu zilizounganishwa kwa waya, na kila jioni watoto wa mtaa hujaa pale kama waliokuja kutazama arusi. Mkubwa ataka mchezo wa bunduki. Mdogo ataka mbio za magari. Mashine zenyewe hazina nafasi ya kuweka michezo yote miwili, nao wamebishana hata ikawa siku mbili hawasemezani. "Mjomba, tuamue wewe," wakaniambia.

Nilicheka, nikaona ni shauri la kitoto. Kisha dada yangu akaniita jikoni akanieleza yaliyotokea jana yake. Mama yetu, ambaye siku hizi hawezi kuinuka bila ya kushikwa mkono, alimwita yule mkubwa mara tatu amsaidie kwenda kutawadha. Kijana alikuwa na hedifoni masikioni, anacheza na wenziwe wa mitaa mingine kwa intaneti. Mara ya tatu ndipo aliposikia, akajibu, "Nyanya, ngoja kidogo, nikiondoka sasa nitawaponza wenzangu." Mama akajaribu kuinuka peke yake, akateleza. Alhamdulillahi hakuvunjika, lakini goti limemvimba. Tangu hapo ile kesi sikuiona ndogo tena.

Basi wasomaji wapenzi, nimeona niilete hukumu yangu katika ukurasa huu, kwani najua wazee wengi wa Pwani wana shauri kama langu, na wengi wao hulimaliza kwa neno moja tu: "Zimeni!" Neno hilo ni jepesi kulitamka, ila halimfundishi mtu kitu. Mtoto akizimiwa kwako atakwenda kucheza kwa jirani, au katika vile vyumba vya kulipia kwa saa, na huko hutajua anacheza nini wala anacheza na nani.

Mashindano si haramu

Kwanza tukubaliane kwamba kushindana kwenyewe si kosa. Katika dini yetu imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliruhusu mashindano ya farasi na ngamia, na kadhalika akasifu kulenga shabaha kwa mishale. Kwa hiyo mbio zina asili, na shabaha ina asili. Hata hapa kwetu, Maulidi ya Lamu hayakamiliki bila ya mbio za punda, na barazani hatujaacha bao, karata na keramu. Mwenye kutaka kuutupa mmoja wa michezo hii ya kompyuta kwa kuwa ni mbio, au kwa kuwa ni shabaha, hatapata nguvu hapo. Itampasa autazame mchezo wenyewe na namna unavyochezwa.

Mchezo wa bunduki wa watu wengi ulipata sifa zake duniani tarehe 10 Desemba, 1993, ulipotolewa mchezo wa Kimarekani uitwao Doom. Watu wanne waliweza kuunganisha kompyuta zao wakawindana ndani ya vyumba na ujia. Mwaka wa 1999 ukafuata Counter-Strike, ulioanzishwa na vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, kwa kuugeuza mchezo mwingine uliokuwako. Humo hupambana makundi mawili: magaidi upande mmoja, na askari wa kupambana nao upande wa pili. Mchezo huo ungali hai, na toleo lake jipya lilitoka mwaka wa 2023.

Haki ya mshtakiwa ni kusikizwa, nami nilimsikiza mpwa wangu mkubwa. Aliniambia kwamba katika mchezo wake mtu hashindi peke yake. Kundi la watano lazima ligawane kazi: huyu alinde mlango, yule avute macho ya adui, mwingine anyamaze asikilize nyayo. Mwenye pupa huangusha wenziwe wote. Maneno hayo ni kweli, na nakiri kuwa mbio za magari hazina jambo hilo. Katika mbio kila mtu yu peke yake na usukani wake.

Vilevile ni lazima niseme kweli juu ya ile hofu yetu kubwa, kwamba mwenye kucheza bunduki atageuka muuaji. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwachunguza vijana 1,004 wa Uingereza wa miaka 14 na 15, na mwaka wa 2019 wakatangaza kwamba hawakuona uhusiano baina ya kucheza michezo hiyo na ukali wa tabia. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani nacho mwaka wa 2020 kiliwaonya watu wasiitwike michezo hii lawama za mauaji bila ya ushahidi wa kutosha. Basi tusiwatishe watoto wetu kwa jambo tusiloweza kulithibitisha. Tukisema uwongo mmoja, hawatatuamini tutakaposema kweli.

Adui ana sura ya nani?

Kweli yenyewe ni hii. Katika mingi ya michezo hii, mtoto wetu hupewa bunduki akaingizwa katika mji ulio kama mji wake. Uwanja maarufu kabisa wa Counter-Strike, uitwao Dust 2, uliotengenezwa mwaka wa 2001, una kuta za rangi ya mchanga, milango ya mbao na matao. Mtoto wa Lamu akiutazama ataona vichochoro vya kwao. Katika Call of Duty ya mwaka wa 2007, askari wa Marekani huvamia nchi ya Kiarabu isiyotajwa hata jina.

Jeshi lenyewe la Marekani lilitoa mchezo wake wa bure mwaka wa 2002, America's Army, ili kuwavuta vijana wajiunge na jeshi. Mchezo huo ulifungwa mwaka wa 2022. Ndani yake palikuwa na hila ya ajabu: makundi mawili yalipopigana, kila kundi lilijiona lenyewe kuwa ndilo askari wa Marekani, na wale wa upande wa pili ndio adui. Hakuna mchezaji aliyepata kujiona katika sura ya yule anayepigwa. Fikiri, ndugu msomaji, watoto wa Mombasa, Cairo na Karachi wakiucheza usiku kucha, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwa adui machoni pake mwenyewe.

Pia kuna mambo ya kutojali. Mwaka wa 2012 uwanja mmoja wa Call of Duty uliondolewa kwa muda baada ya Waislamu kulalamika kwamba ndani yake palikuwa na picha ya chooni yenye maandishi ya Kiarabu yaliyotaja jina la Mwenyezi Mungu. Mwezi wa Novemba 2021, katika toleo jingine la mchezo huo huo, zilionekana kurasa za Qurani zimetapakaa chini sakafuni. Wenye mchezo waliomba radhi wakaziondoa. Kuomba radhi ni jambo jema, lakini msamaha wa mara ya pili huonyesha kwamba wakati wa kutengeneza hapakuwa na mtu mezani aliyejua kilichoandikwa.

Woga wangu ni sanduku

Wazee wenzangu huogopa bunduki. Mimi nimekuja kuogopa zaidi sanduku. Tangu mwaka wa 2013 Counter-Strike imekuwa na masanduku ambayo mchezaji hupewa yakiwa yamefungwa, na ufunguo hununuliwa kwa pesa za kweli. Ukifungua, bahati yako: pengine utapata rangi ya kupambia bunduki isiyo na thamani, pengine kisu cha mapambo ambacho watu hukinunua kwa fedha nyingi. Mwaka wa 2018 serikali ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya namna hiyo ni kamari kwa mujibu wa sheria zake. Nasi hatuhitaji kwenda Ubelgiji kufundishwa kamari ni nini. Ukitoa pesa ukangoja bahati, jina lake tunalijua toka madrasa.

Msiseme nazipendelea mbio. Forza Motorsport 7 ya mwaka wa 2017, ambayo ni ya magari, nayo ilikuja na masanduku ya zawadi za bahati. Wachezaji wakanung'unika, na mwaka wa 2018 yakaanza kuondolewa. Gari nalo linaweza kubeba kamari.

Aidha mbio zina aibu yake nyingine. Need for Speed: Most Wanted ya mwaka wa 2005 humfundisha kijana kushindana katika barabara za mji, kuwakimbia polisi na kuwagonga. Nasi tunaishi katika nchi ambayo bodaboda na matatu zimetutia majonzi ya kutosha. Hapo ndipo mdogo naye aliponyamaza, maana alikuja amejiandaa kushinda.

Mchezo unaomwachilia mtoto

Baada ya kuyapima hayo yote nikarudi kwenye goti la mama. Mchezo gani ungalimwachilia yule kijana ainuke alipoitwa?

Shindano moja la Counter-Strike huisha kundi moja linapofikisha ushindi wa duru 13, na huenda likachukua nusu saa au zaidi. Mwenye kuondoka katikati huwaacha wenziwe wakiwa wanne dhidi ya watano, kisha mchezo wenyewe humwadhibu kwa kumzuia asishindane tena mpaka muda fulani upite. Maana yake ni kwamba ule umoja aliousifu mpwa wangu ndio huo huo uliomfunga kwenye kiti. Adhana ikilia, mama akiita, mgeni akibisha hodi, kijana yumo baina ya watu wanne asiowajua na watu wa nyumbani mwake. Siku ile aliwachagua wale wanne.

Sasa utazame mchezo wa mbio uitwao Trackmania, uliotolewa na Wafaransa mwaka wa 2003. Toleo lake la mwaka wa 2006 lilitolewa bure, nalo lachezeka hata kwenye mashine dhaifu. Njia zake nyingi humalizika kwa dakika moja au chini ya hapo. Magari hayagongani, hupitana kama vivuli, na kila mmoja hushindana na saa. Mwenye kuondoka hamponzi mtu. Tena kuna namna ya kuchezea kompyuta moja kwa zamu: huyu akimaliza anampisha mwenziwe kiti, na waliobaki husimama nyuma wakitoa maneno, kama tufanyavyo kwenye bao.

Na kwa wapendao magari ya kweli, Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka wa 2000 ina njia za Kenya, na WRC 9 ya mwaka wa 2020 nayo imeitia Safari Rally. Mzee anayewakumbuka Joginder Singh na Shekhar Mehta hatakosa la kuwasimulia vijana hapo. Katika mchezo wa bunduki mimi sina hadithi ya kuwapa.

Hukumu

Kwa hiyo niliamua hivi. Mchezo wa sebuleni utakuwa wa magari, ule wa njia fupi, na si ule wa kukimbia polisi. Si kwa sababu gari ni halali na bunduki ni haramu, bali kwa sababu mchezo wa nyumbani yapasa uweze kukatika mtu anapoitwa. Yule mkubwa akitaka bunduki, atacheza Jumamosi kwenye mashine ya rafiki yake, kwa waya na watu anaowajua kwa majina, bila ya intaneti na bila ya vyeo, ili akiinuka asiadhibiwe. Sanduku halitafunguliwa kwa senti moja, liwe la bunduki au la gari. Na mwenye kucheza ataacha sikio moja nje ya hedifoni.

Mkubwa alikasirika. Aliniambia nimempendelea mdogo, na kwamba mbio ni mchezo wa watoto. Sikumjibu. Nilimtuma akamsaidie nyanyake kutoka chumbani, akamketisha nyuma ya viti vyao.

Jana nilipita tena. Watoto saba walikuwa wamepanga zamu, na mama yuko nao, goti limefungwa kitambaa. Hajapata kushika usukani maisha yake yote, ila nilimsikia akimgombeza mpwa wangu mkubwa, "We mwana, kona ile huioni? Mbona hupunguzi mwendo?" Naye akajibu, "Nyanya, naiona," akaikosa, wote wakaangua kicheko. Ilipolia adhana ya Isha gari lilikuwa katikati ya njia. Aliliacha pale pale, akampa nyanyake mkono.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Tuwape vijana mchezo ambao wataweza kuucheza kwao.