SI KILA KITAMU NI SUKARI

Ndugu msomaji, wahenga walisema vyote ving'aavyo si dhahabu. Nami naongeza: si vyote vitamu vina sukari.

Sisi wa Kiminini tunajua utamu wa miwa. Jirani zetu wa Bungoma wanailima, na kwetu chai isiyokolea sukari huitwa maji ya kuoshea vikombe! Lakini hebu chukua pakiti ya unga wa juisi, ile ya bei ya chini, usome maandishi ya nyuma. Mara nyingi utakuta sakarini, aspatami au sukralosi. Hizo ni kemikali za kutia utamu.

Hazikuanza jana. Mwaka 1879, huko Baltimore, Marekani, Constantin Fahlberg alitoka maabara akaketi kula. Mkate ukawa mtamu ajabu! Kumbe mikono yake ilikuwa na kemikali iliyotokana na lami ya makaa ya mawe. Hiyo ndiyo sakarini. Utamu wake ni kama mara 300 ya sukari, kwa hivyo chembe kidogo tu hutosha, na mwenye kiwanda huokoa pesa.

Je, ni sumu? Wapo wanaosema hivyo, lakini mimi sikubaliani nao. Mgonjwa wa kisukari hunywa chai tamu bila sukari kupanda mwilini. Ni kweli kwamba mwaka 2023 aspatami iliwekwa kati ya vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, ila ushahidi ulikuwa haba. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri wasiougua kisukari wasizitegemee kupunguza unene, kwani kwa muda mrefu hazisaidii.

Ninachopinga mimi ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Maandishi yenyewe ni madogo kama chawa, tena kwa Kiingereza. Mama asiyekijua Kiingereza atajuaje anachomnywesha mwanawe? Pakiti zinazouzwa kwetu ziandikwe Kiswahili, kwa herufi za kusomeka.

Wanachama wenzangu, tusingoje serikali. Tuanze sisi: tutafsiri maandishi ya vitu vinavyouzwa kantini, tuyabandike ukutani. Nambari 951 ni aspatami, 954 ni sakarini, 955 ni sukralosi. Atakayenunua baada ya hapo, anunue akijua.

Kiswahili kisichomlinda mlaji ni cha kupasia mtihani tu. Au vipi, wenzangu?