Nyama ya Mwenye Mfuko Mdogo

Hakuna awezaye kusema kwamba Tanzania ni nchi yenye upungufu wa mifugo. Ng'ombe wetu wamepita milioni 30, na nchi za Afrika zinazotushinda kwa hesabu hiyo ni chache sana. Lakini mwulizeni mama atokaye sokoni Kasulu au Kibondo ni lini aliwapikia wanawe nyama. Mara nyingi jibu litakuwa ni Krismasi, au Idi, au siku alipofika mgeni. Twaona kwamba jambo hili si dogo. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa nchi hii walio chini ya miaka 5, watoto 30 wamedumaa. Mtoto hakui kwa ugali wa muhogo peke yake.

Uhaba huu una asili yake. Katika falme za Buha, Heru kwa upande wa Kasulu na Muhambwe kwa upande wa Kibondo, ng'ombe alikuwa heshima na kifungo cha utii kabla ya kuwa kitoweo. Kwa desturi ya ubugabire, mtu alikabidhiwa ng'ombe na mkubwa wake, naye akawa na deni la utumishi. Ng'ombe wa namna hiyo hachinjwi ovyo. Kisha palikuwa na mbung'o katika misitu ya mabondeni. Katika miaka ya 1930 malale yalisababisha watu wa Kibondo kuhamishwa na kukusanywa katika makazi mapya. Mahali ambapo mbung'o ametawala, mfugaji hana budi kukaa mbali.

Kwa miaka mingi dagaa wa Ziwa Tanganyika waliziba pengo hilo. Lakini mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika ziwa hilo tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Sisi twaiona hatua hiyo kuwa ya busara, maana samaki asiyeachwa azae hatakuwapo kesho. Hata hivyo, ziwa likifungwa, macho ya watu hugeukia buchani, na ndipo mwenye mfuko mdogo anapokuwa katika hatari.

Hatari ya kwanza ni kibudu. Mnyama aliyekufa mwenyewe hukatwa usiku na kuuzwa alfajiri kwa bei ya chini, na maskini hushukuru kwamba amepata. Twasema wazi: hakuna nyama ghali kuliko hiyo. Ng'ombe aliyekufa kwa kimeta aweza kumwua amlaye, hata amchunaye, wala moto wa jikoni si kinga ya kutegemewa. Hatari ya pili ni fungu. Nyama isiyopimwa huonekana rahisi kwa jicho, lakini anayejua uzito wake ni muuzaji peke yake.

Basi mnunuzi na afanyeje? Kwanza, atazame muhuri wa mkaguzi juu ya nyama kabla haijakatwa vipande, na pasipo muhuri aondoke. Pili, adai mizani. Wakala wa Vipimo umewekwa kwa ajili ya mnyonge, na mizani isiyohakikiwa ni wizi kama wizi mwingine. Tatu, asione haya kununua kile ambacho matajiri hukipita. Ini dogo lina nguvu ya damu kwa mtoto kuliko kipande kikubwa cha mnofu. Makongoro na mifupa ya miguu huhitaji moto wa saa nyingi, na kuni nazo ni fedha. Lakini maharage ya Kasulu yatahitaji moto huo huo kwa vyovyote. Mwenye akili huvipika pamoja katika chungu kimoja, akapata mchuzi wa nyumba nzima kwa kuni za mara moja.

Hata hivyo, mtu mmoja mmoja hawezi kushinda bei. Anayenunua nusu kilo hulipa faida ya mchuuzi wa mnadani, ya msafirishaji na ya mwenye bucha. Kidole kimoja hakivunji chawa. Twashauri majirani wanunue mnyama mzima moja kwa moja kwa mfugaji, wampeleke machinjioni akiwa hai, akaguliwe kabla na baada ya kuchinjwa, kisha wagawane kwa mizani.

Hesabu yake si ngumu. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 250 hutoa nyama pamoja na mifupa yake kiasi cha kilo 120. Nyumba 20 zikishirikiana, kila moja hupata kilo 6, mbali na utumbo, kichwa na miguu. Mbuzi wa kilo 25 hutoa kiasi cha kilo 12, yaani kilo 2 kwa kila nyumba kati ya 6. Kwa kuwa nyumba nyingi hazina jokofu, mbuzi ndiye afaaye kwa majuma ya kawaida. Ng'ombe na angoje sikukuu, au watu wawe tayari kubanika na kukausha sehemu yao siku ile ile.

Tutaambiwa kwamba maskini hana fedha za kulipa kwa mara moja. Ni kweli. Ndiyo maana mchango uanze mapema, kidogo kidogo kila juma, na uongezwe wakati wa mavuno ya maharage ambapo kila nyumba huwa na chochote. Tutaambiwa pia kwamba mtunza fedha atakula michango. Hilo nalo hutokea. Basi pawe na daftari linalosomwa mbele ya wote, na fedha zisikae nyumbani kwa mtu mmoja. Wanavikundi vya kuweka na kukopa wanaijua kazi hii; tofauti ni kwamba hapa faida hugawanywa kwa kilo.

Lakini tusimtwike mwananchi mzigo wote. Sheria yataka nyama ya kuuzwa ikaguliwe; basi mkaguzi na apatikane hata katika vijiji vilivyo mbali na mji, kwani muhuri usiofika mnadani haumkingi mtu. Halmashauri za Kasulu na Kibondo zinapokea ushuru wa mifugo, na yafaa sehemu ya ushuru huo ionekane katika sakafu safi, maji na mizani ya machinjio. Mwenye bucha mwaminifu hatapata hasara kwa hayo, maana kibudu cha alfajiri ndicho kinachomwibia wateja wake.

Nchi yenye ng'ombe wengi namna hii haina udhuru wa kumwachia maskini mabaki ya hatari. Wananchi na waanze kwa kushirikiana na kukataa kisichokaguliwa. Viongozi nao wahakikishe kwamba anayekataa kibudu anapata mahali pengine pa kununua.