Nani Alikupa Bunduki Yako ya Kwanza?

Yapo mazungumzo ambayo sisi watu wa Likasi tumeyazoea mno, hata wengi hawaoni tena ubaya wake. Penye matanga, usiku moto ukiwaka, au jioni watu wakinywa munkoyo, mzee mmoja huanza kueleza siku ile alipopata bunduki yake ya kwanza. Huyu ni mwindaji aliyenunua gobori kwa mhunzi wa kijiji. Yule alikuwa askari. Mwingine alipewa yake porini, bila karatasi wala kiapo. Hueleza jinsi ilivyong'aa, uzito wake begani, harufu ya mafuta yake, na jinsi watu walivyompisha njiani. Vijana husikiliza kimya, macho yao hayabanduki usoni pa mzee. Kisha mzee hunyamaza, watu hucheka, na mazungumzo huhamia jambo jingine.

Twasema waziwazi: masimulizi ya namna hii ni mabaya. Hatusemi kwamba ni uongo. Huenda kila neno ni la kweli. Ni mabaya kwa sababu yamekatwa katikati. Huanza pale bunduki inapoingia mkononi, na huishia papo hapo. Hayasemi nani aliyeitoa, wala alitaka malipo gani, wala mambo yalikwishaje. Mtoto hupewa utamu, uchungu hufichwa. Basi atashindwaje kuitamani?

Kwa hiyo twawapa vijana wetu maswali matatu, wayashike kama wanavyoshika hesabu za shuleni. Mzee akianza kuisifu bunduki yake ya kwanza, mwulizeni kwa adabu: Baba, nani alikupa? Nani alilipa? Na mwisho wake ulikuwa nini? Tuyatumie maswali hayo katika habari za nchi yetu wenyewe, tuone yatatupeleka wapi.

Tuanze na Bunkeya, kaskazini ya mji wetu. Katika karne ya 19 Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi, alijenga huko enzi ya Bayeke. Tunamtaja kwa heshima, maana ni mkubwa katika historia ya Katanga. Lakini nguvu zake zilitoka wapi? Zilitoka katika bunduki na baruti. Upande wa mashariki zilifika kwa njia ya wafanyabiashara wa Zanzibar na pwani; upande wa magharibi zilifika kutoka Bihe na Benguela. Nani alilipa? Zililipwa kwa pembe za ndovu, kwa shaba, na kwa watu. Ndiyo, kwa watu. Kijana wa siku zile aliyekabidhiwa gobori lake la kwanza aliona chuma na mti tu. Hakuonyeshwa mama aliyetekwa kijijini kwake na kupelekwa pwani ili chuma kile kije. Na mwisho? Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliokuja kwa faida ya mfalme Leopold II, alimpiga Msiri risasi akafa. Bodson naye alipigwa risasi pale pale, akafa. Enzi iliyoinuliwa kwa bunduki ikaangushwa kwa bunduki.

Tena angalieni jambo moja la mwaka uliotangulia, yaani 1890. Mataifa makubwa yalikutana Bruxelles, yakapatana kuzuia biashara ya silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki mpya, zenye kulenga sawasawa na kupiga mbali, Mwafrika asiuziwe. Lakini za gumegume, na baruti ya kawaida, ziliweza kuendelea kuuzwa. Serikali zenyewe zilibaki na zile mpya. Hilo ni fundisho la kukumbukwa: anayekupa bunduki hubaki na iliyo bora kuliko yako. Alikuwa hivyo juzi, yuko hivyo leo.

Sasa tuje katika mji wetu, siku zile ulipoitwa Jadotville. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Vijana wengi waliandikwa katika jandarmeri. Walipewa nguo, chakula, mshahara na bunduki. Wazee waliokuwa vijana wakati ule bado wanaieleza siku hiyo kana kwamba walipata upadirisho. Haya, tuulize. Nani aliwapa? Mafisa wengi walikuwa Wabelgiji, na baadaye wakaja mamluki wa kila taifa. Nani alilipa? Kampuni ya migodi, Union Minière, ilitoa kodi zake kwa serikali ya Tshombe. Basi iliyolipa ni shaba iliyotoka chini ya miguu yetu. Na mwisho wake ulikuwa nini?

Mwezi wa Septemba 1961, tangu tarehe 13 hata 17, askari wa Ireland wapatao 155, waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, walizingirwa hapa na jandarmeri pamoja na mamluki. Mwisho maji na risasi zilipungua, wakajitoa. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa katika mapigano hayo. Mwaka 2016 ilitolewa sinema juu ya habari hiyo, na vijana wetu huitazama katika simu zao wakifurahi kusikia jina la zamani la mji wao. Sisi hatuwachukii Waireland wale. Walikuwa mashujaa, na walikuwa wageni waliotumwa. Lakini twauliza: vijana wa Katanga walioanguka siku zile nje ya mji wetu, sinema yao iko wapi? Majina yao yanasomwa wapi? Wao pia walikuwa na siku ya bunduki ya kwanza. Wao pia waliitwa wanaume. Sasa hata kuwahesabu imekuwa kazi.

Na waliobaki? Mwezi wa Januari 1963 kujitenga kulikwisha. Wengi wa majandarma walivuka mpaka, wakaenda Angola na bunduki zao. Wakazeeka ugenini, wakipigana vita vya wenyeji wa huko. Mwaka 1977 walirudi kwa vita, wakasukumwa nje. Mwaka 1978 wakarudi tena, wakaingia Kolwezi, na damu iliyomwagika pale, ya Waafrika na ya Wazungu, kila mtu wa Katanga aijua. Tazameni basi: bunduki iliyopokewa kwa nyimbo mwaka 1960 ilikuwa bado inadai malipo baada ya miaka 18. Huo ndio urefu wa hadithi nzima. Kwa nini tusimulie siku moja tu?

Mwenye kusema kwamba hayo ni ya zamani, na atazame mwaka 1997. Majeshi ya AFDL yalipofika Katanga, Lubumbashi ikaangukia mikononi mwao mwezi wa Aprili, watu walisimama barabarani wakiwashangilia kadogo. Watoto! Wengine bunduki ilikuwa karibu sawa na kimo chao. Watu wazima walipiga makofi, wala hawakuuliza: huyu mama yake yuko wapi? Mmoja wa kadogo, Lucien Badjoko, aliyeingia katika jeshi hilo akiwa na miaka 12, alitoa kitabu kwa Kifaransa mwaka 2005. Twamsifu kwa jambo moja: yeye hakuikata hadithi katikati. Alieleza alivyoondoka nyumbani kwa hiari yake akiwa mtoto, akaeleza pia yale aliyoyaona na kuyatenda.

Kisha vita vya mwaka 1998 vikaja. Serikali ikawapa bunduki Mayi-Mayi wa kaskazini ya Katanga ili wazuie majeshi ya kigeni. Siku ya kupokea ilikuwa ya fahari: twalinda nchi! Lakini bunduki ikikwisha kutolewa, haisikii tena sauti ya aliyeitoa. Kati ya Mitwaba, Pweto na Manono pakapata jina la pembetatu ya mauti. Vijiji vilichomwa, watu wakakimbilia porini. Gédéon Kyungu Mutanga, mkubwa wao aliyejulikana sana, alijisalimisha Mitwaba mwezi wa Mei 2006. Akahukumiwa, akatoroka gerezani Lubumbashi mwaka 2011, vita vikaanza upya, akajisalimisha tena mwaka 2016. Nani aliwapa? Nani alilipa? Mwisho ulikuwa nini? Waulizeni wanakijiji wa Mitwaba. Wao watajibu yote matatu kwa neno moja tu: sisi.

Twajua kwamba wako watakaotupinga. Tuwasikilize.

Wa kwanza ni mwindaji. Atasema: Gobori langu lilisomesha watoto wangu, lilifukuza nguruwe-mwitu shambani. Ndugu yetu, pamoja nawe hatuna ugomvi, ikiwa unafuata sheria na kuifungia bunduki yako mahali pasipofikiwa na watoto. Lakini hata wewe, eleza yote. Mwambie kijana kwamba gobori lililotengenezwa kwa bomba la maji huweza kupasuka na kuchukua jicho au vidole vya mpigaji. Mwambie kwamba porini, wanyama uliowakuta ukiwa kijana hawapo tena, na sababu yake unaijua.

Wa pili atasema: Ubaya uko moyoni mwa mtu; hata bila bunduki watu huuana. Naye atatukumbusha mwaka 1992 hapa hapa Likasi, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika nyumba zao, wakakusanyika kwa maelfu penye gare, wakangoja treni katika njaa, mvua na magonjwa. Vijana wengi waliowafukuza hawakuwa na bunduki. Walikuwa na fimbo, mapanga na moto. Ni kweli kabisa. Wala hatutaki mtu wa mji huu aisahau gare ile. Lakini ukweli huo unatusaidia sisi, haumsaidii yeye. Maana vijana wale walianzia wapi? Walianza kwa kusikiliza. Kabla ya mkono kushika silaha, sikio limekwisha kushika maneno. Waliambiwa siku nyingi kwamba mwanaume wa kweli ni yule anayeogopwa na jirani yake. Na hayo ndiyo mafundisho yale yale ya hadithi ya bunduki ya kwanza isiyo na mwisho wake. Ndiyo sababu tunagombana na hadithi kabla ya kugombana na chuma.

Wa tatu atatujibu kwa methali: Mtoto akililia wembe, mpe. Ati akijikata, atajifunza. Methali hiyo ni nzuri kwa wembe, kwa kuwa wembe humkata yule anayeulilia. Bunduki si hivyo. Mtoto akililia bunduki ukampa, atakayekatwa ni mtoto wa mwingine, naye hakulilia kitu. Basi methali hiyo isitumiwe hapa.

Je, hakuna kumbukumbu njema ya kuwapa vijana badala ya hizo? Iko. Katika miaka ya 2000 shirika liitwalo PAREC, lililoongozwa na Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, lilizunguka katika Katanga likipokea bunduki na kutoa baisikeli. Mtu alileta bunduki, akarudi nyumbani na kinga. Sisi wa Katanga baisikeli twaiita kinga. Na kwa Kiswahili cha pwani, kinga ni kitu kinachokulinda. Neno letu halikukosea. Kinga hubeba makaa na unga wa bukari. Humpeleka mgonjwa hospitalini. Humfikisha mtoto shuleni. Wapo wanaume waliotembea mwendo mrefu kwenda kuirudisha bunduki, wakijua wenzao watawacheka. Hiyo ni siku ya ushujaa. Mbona penye matanga hatuisikii?

Basi twataka mambo machache, tena yanawezekana. Wazazi, mtu akija na ahadi ya silaha na posho kwa mwana wenu, mpigieni yale maswali matatu kabla hajaketi. Jueni pia kwamba sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inakataza kumwandika mtu aliye chini ya miaka 18 katika jeshi, katika polisi, au katika kundi lolote lenye silaha. Walimu, wafundisheni watoto habari za Bunkeya, za Jadotville na za gare ya Likasi, kila habari hata mwisho wake. Vijana, ulizeni bila woga; kumwuliza mzee si kumtukana.

Nanyi wazee wetu, bankambo wa watoto wetu, hatuwaombi mnyamaze. Kumbukumbu zenu ni mali ya mji huu. Twawaomba msizikate. Kijana akikuuliza siku uliyopewa bunduki, mweleze, tena mweleze na siku uliyoirudisha. Na kama hujairudisha, hadithi yako haijaisha; usiisimulie bado.