Mama Ngina Ibaki Bure

Wasee, kuna wazo moja nalisikia sana siku hizi, na linatoka kwa watu wazuri tu: eti Mama Ngina Waterfront iwekewe kiingilio, hata kama ni mia, ndio takataka zipungue na "watu wa fujo" wabaki nje. Ukisikia haraka haraka unaona iko sawa. Mimi napinga.

Kwa wale hamjawahi kufika Mombasa, hii ni bustani iliyo kusini mwa kisiwa, pale bahari inapoingia kuelekea bandari ya Kilindini. Wenyeji wengi bado tunaiita Lighthouse. Meli za makontena zinapita karibu hadi watoto wanazipungia mikono. Kuna mibuyu mikubwa, viti, njia za kutembea, na upepo ambao hakuna feni itakupa. Zaidi ya shilingi milioni 400 za umma zilitumika kuikarabati, na ikafunguliwa Oktoba 2019, ile Mashujaa Dei iliyofanyiwa hapo hapo. Kwa hivyo tayari tushalipa, tusidanganyane.

Sasa tupige hesabu. Chukua familia ya Likoni: baba, mama, nyanya na watoto watatu. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu. Wakishuka upande wa kisiwani, wanatembea tu mpaka bustanini. Wakiwa na mia tatu wananunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, watoto wanapata mabuyu, wanakaa mpaka magharibi. Weka kiingilio cha mia kwa kila kichwa: hiyo ni mia sita, na hakuna mtu ameonja hata kipande cha muhogo. Hiyo familia haiji tena. Na hao ndio wanaoihitaji zaidi, kwa sababu chumba kimoja chenye paa la mabati mwezi wa Februari si nyumba, ni jiko.

Halafu hawa "watu wa fujo" ni kina nani hasa? Mara nyingi ukiuliza utaambiwa ni vijana. Kijana wa miaka 17, kandambili, mpira mkononi, amekuja na mbogi yake. Kwani akikaa ukutani kutazama bahari amemkosea nani? Kiingilio hakichuji tabia, kinachuji mfuko. Mwenye gari kubwa anaweza kulipa mia yake vizuri kabisa, kisha atupe chupa dirishani.

Kuna jambo lingine hatuliongelei. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kupwa na maji kujaa ni ya umma. Yaani ufuo ni wetu. Lakini jaribu kuufikia: ukuta, geti, hoteli, ukuta tena. Haki unayo, njia huna. Mama Ngina ni kati ya sehemu chache ambapo mtoto wa Mombasa anaona bahari bila kuulizwa na askari, "Unaenda kwa nani?" Tukianza na mia leo, kesho itakuwa mia mbili, na kesho kutwa tutaambiwa bustani imekodishwa kwa harusi.

Wenzetu wa Nairobi wanajua hii stori. Mwaka wa 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akakataa, akatukanwa, akaendelea kukataa, na jumba halikujengwa. Bustani ya umma hubaki ya umma kwa sababu kuna mtu alisema hapana mapema.

Sisemi uchafu hakuna. Upo, na unakera. Lakini dawa yake inajulikana: mapipa ya kutosha yanayomwagwa kila siku, vyoo vinavyosafishwa, taa usiku, na miti zaidi, kwa sababu kiti kilichowekwa juani Mombasa ni cha mapambo tu. Hayo ni ya kudai kutoka kwa wanaokusanya kodi yetu. Yetu sisi ni kurudi na maganda ya mihogo na chupa zetu.

Na kwenu mnaoshika simu kama mimi: tukionyesha Mombasa ya bwawa la hoteli tu, tusishangae watu wakidhani bahari ni ya kulipia. Onyesha pia pale watu wanakaa bure.

Mkija, kujeni saa kumi jioni, jua likianza kupoa. Bebeni mfuko wa takataka. Na mbebe nyanya pia, ana haki ya ule upepo kuliko sisi sote.